Kutoka Karabai hadi Luku: Maneno ya Ukaguzi wa Umeme na Gesi katika Nyumba za Kupangisha za Bariadi

Mwaka 2021 Bunge lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Tangu hapo kazi iliyokuwa ikifanywa kwa hiari imekuwa ya lazima. Kanuni, fomu na vyeti vilivyokaa katika Kiingereza kwa miaka mingi havina budi kusomeka katika lugha ya wananchi. Katika rundo hilo zimo kanuni za utandazaji wa nyaya za umeme, kanuni za uhifadhi na uuzaji wa gesi ya kupikia, na fomu ambazo mkaguzi huzijaza anapotoka katika nyumba ya mtu. Rundo hili halipendwi na watafsiri, na hatuwalaumu, maana halina utamu wowote wa lugha. Lakini ni mahali pachache ambapo istilahi iliyokosewa huweza kumfikisha mtu kaburini, na kwa sababu hiyo tumeona yafaa kulitolea makala.

Tutafuata historia ya maneno machache tu, nasi tumechagua kuyatazama yakiwa Bariadi na katika mkoa wa Simiyu kwa jumla. Mkoa huu ulianzishwa mwezi Machi 2012 kwa kumega Shinyanga, zilikotoka wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu, na kwa kumega Mwanza, ilikotoka Busega. Itilima nayo ikazaliwa humo humo. Mji wa Bariadi, uliokuwa makao ya wilaya tu, ukawa makao ya mkoa. Watumishi waliohamia walihitaji vyumba, na wenye viwanja wakajenga haraka: vyumba vinne au sita vikitazamana uani, mita moja ukutani. Umeme wenyewe ulikuwa umechelewa kufika vijijini, kwa hiyo hapa maneno ya taa za zamani na maneno ya luku bado yamo katika kinywa kimoja, na mchunguzi wa istilahi anaweza kuyasikia yote kwa siku moja.

Tuanze na taa. Kabla ya umeme nyumba ya Ntuzu au ya Maswa ilikuwa na koroboi, na kwa mwenye uwezo ilikuwa na chemli. Fanusi tulipewa na Waarabu. Chemli imetokana na jina la Kiingereza la kile kioo cha taa kinachotoa moshi juu. Karabai ina historia ya kushangaza zaidi. Jina hilo latokana na kabaidi, yale mawe ya kemikali ambayo yakitiwa maji hutoa gesi ya asetilini, nayo gesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaka. Baadaye jina likahamia kwenye taa ya pampu inayotumia mafuta ya taa, na kabaidi ikasahauliwa. Kumbe basi gesi iliingia katika nyumba zetu muda mrefu kabla ya mtungi, ila haikuitwa gesi. Tunalisema hili kwa wale wanaodhani kwamba hatari ya gesi ni jambo la juzi.

Neno umeme ni letu kwa asili. Kabla ya mitambo lilikuwa mwanga ule wa mvua tu, nalo lina undugu na kumemetuka. Kiswahili kilikuwa na maneno matatu kwa tukio moja la angani: ngurumo ni sauti, umeme ni mwanga, radi ni lile pigo liuwalo. Ilipotakiwa kuipa jina nguvu mpya ya mitambo, wazungumzaji walichukua mwanga, wakaiacha radi angani. Wenzetu wa Kenya waliiita stima, jina lililotoka kwenye injini ya mvuke, na hivyo kutaja kinachozalisha badala ya kinachozalishwa. Sisi hatuna sababu ya kulicheka neno hilo, lakini twaona kwamba umeme umefaa zaidi. Upungufu wake ni mmoja: umetuachia picha ya kitu kinachong'aa, na kitu kinachoua tumekiweka katika neno jingine.

Historia ya umeme nchini hatutairefusha. Wajerumani waliuwasha Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Mwaka 1931 yaliundwa makampuni mawili, moja la Dar es Salaam na jingine la kuanzia Tanga, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Umeme, iliyodumu hadi ilipofutwa na ile ya 2008. Serikali ilinunua hisa mwaka 1964, na mwaka 1968 shirika likachukua jina tunalolijua leo, TANESCO. Usukumani reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, na viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa na injini zao. Mwanga wa umeme ulikuwa mali ya kiwanda, si ya nyumba. Gridi ya Taifa ilifika kanda hii mwishoni mwa miaka ya 1980. Vijiji vilingoja Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, na ile bei ya shilingi 27,000 ya kuunganishiwa ambayo kila mwanakijiji anaijua kwa moyo.

Katika safari hiyo mafundi walijitungia lugha, na sehemu yake moja ni nzuri kuliko chochote ambacho kamati ingeweza kutunga. Fundi akigusa waya kwa bisibisi ya kupimia husema, "Huu una moto." Umeme kwake ni moto. Kwa hiyo mahali ambapo msongo mkubwa unashushwa ili uingie mjini hupaita kituo cha kupoza umeme, na shirika lenyewe limelipokea jina hilo rasmi. Picha ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: chenye moto hupozwa ndipo kitumike. Msongo wenyewe ni neno lililopatikana vizuri, na mashine umba, ile inayobadili msongo, limeandikwa katika matangazo ya shirika kwa miaka mingi ingawa mitaani bado ni transfoma. Mtafsiri wa kanuni akikuta maneno haya asiyapite akaenda kuokota ya kwake.

Neno linalotupa taabu ni shoti.

Mtu akiguswa na umeme husema amepigwa shoti. Nyaya mbili zikigusana na cheche kuruka, hiyo nayo ni shoti. Nyumba ikiungua, majirani watasema ni shoti, na gazeti, likitaka kusema kwa heshima, litaandika kwamba moto umesababishwa na hitilafu ya umeme. Neno hilo lilianza kwa nyaya kugusana, kisha likafanana kwa sauti na neno jingine la Kiingereza lenye maana ya mshtuko, na masikio yetu yakayaunganisha. Mitaani hakuna ubaya. Katika fomu ya ukaguzi ubaya ni mkubwa, maana mambo haya mawili yana kinga mbili tofauti. Waya wenye moto ukiugusa wa pili, mkondo mkubwa hupita ghafla, fyuzi huyeyuka au swichi ya kinga hujikata, na nyumba huokoka. Mtu akishika jokofu ambalo bati lake limepata moto, mkondo unaopita mwilini mwake kwenda ardhini ni mdogo sana, sehemu ndogo ya ampea moja. Fyuzi ya ampea tano hauoni. Mtu atakufa na taa zitaendelea kuwaka. Kinga ya mtu ni waya wa ethi uliofungwa vizuri pamoja na ile swichi inayojikata mkondo wa miliampea 30 unapopotea njia.

Sasa mpeni mwenye nyumba karatasi iliyoandikwa kwamba nyumba yake "ina kinga ya shoti". Ataamini kwamba wapangaji wake wako salama kwa sababu ana fyuzi. Na kama fundi wa mtaani amekwisha kuiunga fyuzi hiyo kwa kipande kinene cha waya wa shaba, jambo linalofanyika kila mahali, basi hana hata kinga ya moto. Pendekezo letu ni kwamba katika maandishi rasmi kugusana kwa nyaya kuitwe mgusano wa nyaya, na kuguswa kwa mtu kuitwe mshtuko wa umeme, neno ambalo tayari lipo. Vitabu vingine vimejaribu saketi fupi. Hatulipendi. Mwanafunzi huuliza ni fupi kuliko ipi, na mwalimu hana jibu isipokuwa kurudi kwenye Kiingereza. Hitilafu ya umeme tungeomba ipumzishwe kabisa katika taarifa za moto, kwani inasema tu kwamba msemaji hajui.

Upande wa pili wa karatasi hiyo kuna watu wawili wa kutajwa, naye kila mmoja ana majina mengi. Mwenye nyumba katika maongezi ni mtu wa heshima, baba mwenye nyumba au mama mwenye nyumba, na mara nyingi anaishi uani humo humo. Sheria humwita mpangishaji, na katika kodi ni mmiliki. Iliwahi kutokea pia kwamba mwenye nyumba akawa Serikali: sheria ya mwaka 1971 ilitwaa majengo makubwa ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na kazi zake zikahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Wapangaji wa miji mikubwa wakajifunza wakati huo kumwita mwenye nyumba kwa jina la ofisi. Bariadi haikuwa na majengo ya namna hiyo ya kutajwa, na hadi leo mwenye nyumba wa Bariadi ni mtu, si ofisi.

Neno kodi limechanganyika zaidi. Mpangaji hulipa kodi kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hulipa kodi kwa Serikali. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia luku, yaani katika kununua umeme, na anayenunua umeme kwa kawaida ni mpangaji. Malalamiko yaliyofuata yalihusu fedha, lakini ndani yake kulikuwa na swali la istilahi: ni kodi ya nani? Luku yenyewe, wasomaji watakumbuka, ni kifupi cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na ni moja ya vifupisho vichache vilivyogeuka nomino kamili; watu husema luku imekata, luku imeliwa, bila kujua kwamba wanataja sentensi. Tunapendelea pango kwa malipo ya mpangaji katika hati zote, na kodi iachiwe Serikali. Ni ombi la zamani, na wenye nyumba hawajalisikia.

Tunafika kwenye neno lenyewe, ukaguzi. Kitenzi kukagua ni safi, lakini mkaguzi amebeba mzigo. Mkaguzi wa hesabu hutafuta upotevu. Mkaguzi wa shule alitisha hata Wizara ya Elimu ikaamua, katika miaka ya 2010, kumwita mthibiti ubora. Na mkaguzi wa umeme, kwa mwananchi wa kawaida, ni yule anayekuja kuangalia kama mita imechezewa. Kwa hiyo akigonga geti la nyumba ya kupangisha na kujitambulisha kwa jina hilo, jambo la kwanza linalofanyika ndani ni kuchomoa nyaya zilizounganishwa kienyeji na kuzificha chini ya kitanda. Mkaguzi huingia, huona chumba kisafi, na hatari yote imefunikwa shuka. Neno limemharibia kazi kabla hajafungua mkoba.

Wengine wamependekeza upimaji. Upimaji ni kazi ya kifaa, kwani mtu hupima ukinzani, hupima msongo. Kukagua ni kazi ya macho na akili. Kanuni za kiufundi huvitaja vyote viwili kwa makusudi, na mtafsiri anayevifanya kimoja amefuta nusu ya kazi. Aidha mpimaji kwa watu wa Simiyu ni bwana ardhi anayekuja na vigingi, naye ana hofu zake. Tunaona kwamba ukaguzi ubaki lakini usiachwe peke yake: ukaguzi wa usalama, na anayeufanya aitwe mkaguzi wa usalama wa umeme, tofauti na mkaguzi wa mita. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limekwisha kufanya hivyo kwa upande wake, na zimamoto ni ushahidi kwamba neno la wazi linaweza kuitwa kwa sauti usiku wa manane bila kamusi.

Kwetu desturi imekuwa fundi mwenye leseni, ambayo siku hizi hutolewa na EWURA, atandaze nyaya, kisha shirika likague kabla ya kuunganisha. Baada ya siku hiyo nyumba huweza kukaa miaka ishirini. Uingereza ilifika kwingine kwa njia ya machungu. Tarehe 16 Mei 1968 gesi ililipuka katika jiko la ghorofa ya 18 ya jengo la Ronan Point, London, kona nzima ya jengo ikaporomoka na watu wanne wakafa. Leo kanuni zao za 1998 zinamtaka mpangishaji akaguliwe vifaa vya gesi kila miezi 12, na kwa England kanuni za 2020 zinataka mfumo wa umeme ukaguliwe angalau kila miaka mitano. Tunalitaja hili kwa sababu vipeperushi vingi vya usalama vinavyotujia kutafsiriwa vimeandikwa kwa ajili ya nyumba hizo, wala si kwa ajili ya zetu.

Hapo ndipo neno gesi linapotusaliti. Gesi ya mabomba ya Uingereza ni methani, kama gesi asilia yetu ya Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974. Ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda. Gesi ya mtungi iliyoko Bariadi ni propani na butani. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka, hutambaa sakafuni na kujikusanya penye shimo. Kipeperushi kinachosema "fungua madirisha ya juu gesi itoke" ni kweli kwa mtu mmoja na ni uongo wa hatari kwa mwingine, ingawa neno lililotumika ni lile lile. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mitungi itaingia katika vyumba ambavyo mlango ndio dirisha. Tunasisitiza basi: gesi asilia iandikwe gesi asilia, na ya mtungi iandikwe gesi ya mtungi, hata kama sentensi itarefuka. Mpira, kichwa cha mtungi na jiko vina majina tayari. Hatuna la kuongeza.

Kinyume chake kuna neno linalofaa kuunganishwa. Gesi huvuja, na mafundi husema vile vile kwamba umeme unavuja, pale bati la jokofu au la pasi linapopata moto. Mvujo basi waweza kutumika kwa vyote viwili, na ile swichi ya miliampea 30 tuliyoitaja, ambayo hadi sasa haina jina la Kiswahili linalokubalika, twaweza kuiita swichi ya mvujo. Walikuwapo waliotaka kikatamvujo. Ni neno la mezani.

Ethi imebaki ethi, na tunashauri iachwe, kwa maana waya wa ardhi humfanya fundi mgeni adhani unapita chini ya ardhi. Lakini ardhi yenyewe ina la kusema Simiyu. Wasukuma wana majina ya udongo kwa uangalifu ambao wataalamu wa kilimo wameusifu na kuuandika: luseni ni mchanga wa miinukoni, mbuga ni ule mweusi mzito wa mabondeni. Fimbo ya ethi ikipigwa katika luseni, ukinzani huwa mkubwa na mkondo hupata shida kutoka. Ikipigwa katika mbuga yenye maji, kazi ni nzuri. Ila mbuga hukauka kiangazi, hupasuka, na udongo huachana na fimbo. Nyumba iliyopimwa mwezi Machi ikapata cheti yaweza isipate cheti hicho mwezi Septemba. Kwa hiyo pale ambapo fomu ya Kiingereza ina nafasi ya tarehe na kipimo tu, fomu ya Kiswahili ya mkoa huu ingestahili kuwa na nafasi ya tatu, ya aina ya udongo, na majina ya kuijaza yapo kwa wenyeji tayari.

Limebaki neno moja la vyeti vya kifo. Mpangaji anapoingiza jiko la mkaa ndani usiku wa baridi na kufunga mlango, au jiko la gesi linapowaka moto wa njano katika chumba kisicho na tundu, habari ya asubuhi huwa kwamba wamekufa kwa kukosa hewa. Hewa huenda ilikuwapo. Walichovuta ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Tatizo ni kwamba hewa ukaa imekwisha kuchukuliwa na kaboni dayoksaidi, na anayesoma haraka hudhani ni kitu kimoja. Gesi ya mtungi hutiwa harufu kwa makusudi ili pua igundue mvujo. Hii nyingine pua haiwezi kuigundua kamwe. Tumependekeza sumu ya moshi baridi, na kamati haikuafiki, kwa kuwa si moshi. Jina la kikemia linatosha katika kanuni, lakini halitoshi katika tangazo la kubandikwa mlangoni. Wasomaji walioko Maswa, Mwanhuzi, Nyashimo na Lagangabilili ambao wamesikia kwa wenyeji jina la hewa hiyo, la Kiswahili au la Kisukuma, tunawaomba watuandikie kabla ya kikao kijacho cha istilahi.